Chupa ya Kijani

Sukari tuliifukuza kwenye chai,
ikahamia nyayoni.
Mchana miguu ya Singano ni magogo:
ndala humvuka uani, naye hana habari,
mpaka mtoto wa jirani amkimbilie, "Babu, kiatu!"
Usiku magogo hushika moto.
Shuka, shuka tu hili la pamba lililochakaa,
likimgusa kidole anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.
Basi nimeweka vistuli viwili kitandani,
shuka lipite juu, chandarua cha miguu.

Bombo wamempa vidonge. Vya asubuhi, vya jioni,
na kimoja cha neva kinachomfanya
aniite kwa jina la marehemu dada yake.
"Mpunguzie wanga," daktari anasema.
Nimempunguzia. Muhogo tumeuaga. Wali wa nazi
naula kwa jirani, kwa wizi.

Jumanne alikuja mtu na baiskeli kutoka Muheza.
Hakutaka chai. Akatoa chupa:
mafuta ya nazi, kijani kama maji ya bwawa.
"Mpake. Asinywe. Usiseme."
Nikanusa. Harufu ile
niliikuta miaka kumi na tisa iliyopita
mfukoni mwa shati la shule la Mbelwa wetu,
msokoto mmoja, mwembamba kuliko kidole cha mtoto,
na Singano, mjumbe wa nyumba kumi,
akamshika mwanawe mkono hadi kituoni Chumbageni,
akaandika maelezo kwa ule mwandiko wake mzuri.
Mbelwa alitoka. Ngamiani hakurudi.

Nikafunga mlango, nikafunga dirisha,
nikafukiza udi wa kusema uongo.
Nikampaka: kisigino, unyayo, katikati ya vidole,
huku nikitafuta vidonda kwa tochi, kama kila usiku.
"Dawa gani hii?"
"Majani."
"Yametoka kwa nani?"
Udi ukatatarika chetezoni.
"Kwa mwanao."

Alinyamaza muda wa kaa moja kugeuka jivu.
Kisha akausogeza mguu wa pili.

Sasa amelala. Shuka limeteleza kwenye vistuli,
limemfunika nyayo, na hajashtuka.
Ni majani? Ni kidonge? Ni lile jina
ambalo hata leo hatukulitamka?
Sijui. Mimi sijalala.
Kila pikipiki ikipunguza mwendo barabara ya kumi na tano,
naisukuma chupa uvunguni
kwa kidole cha mguu.