Gia ya Pili Hadi Mazeras

Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini mwenda pole kwenye mlima wa Mazeras
hupigiwa honi na trela la saruji,
hupitwa na mtu wa mnazi
anayeisukuma baiskeli yake, madumu matatu nyuma.
Wallahi nimepitwa. Na akanipungia mkono kwa huruma.

Kombi yangu ni ya mwaka sabini na sita.
Kitanda ndani, jiko la gesi la mviringo,
mapazia ya leso aliyoyashona Mishi
mwaka tulipokwenda Taveta tukalala njiani
tukihesabu malori badala ya nyota.
Bati lake nimelipaka rangi mara nne.
Injini ndiyo iliyochoka:
elfu moja na mia sita, ya kupozwa na upepo,
na upepo wa Mombasa wenyewe ni wa moto.

Fundi Mwachiro wa Magongo aliinama nyuma,
akasikiliza kama mkunga,
akainuka: "Hii haidai plagi. Hii yadai kuzikwa."
Chini ya turubai akanionyesha injini ya Subaru,
iliyong'olewa kwenye gari lililobingirika Mtwapa.
"Farasi mia na sitini na tano hawa.
Wewe ulikuwa na hamsini, na nusu yao vilema."

Pesa zilikuwa za mabati ya jikoni.
Sikumwambia Mishi. Au tuseme nilimwambia nusu:
gari lina kazi kidogo.

Kazi kidogo ikala wiki saba.
Sahani ya kuunganishia giaboksi ilichongwa Shimanzi,
ikaja na tundu moja nje ya mstari,
ikarudi Shimanzi.
Injini mpya hunywa maji; ile ya kale haikujua kiu.
Basi rejeta ikafungwa mbele, chini ya uso,
na mabomba mawili yakapita tumboni mwa gari,
marefu kuliko mtu aliyelala.
Feisal, mwanagenzi, akajikata kidole, akacheka.
Nikadhani tumemaliza.
Mwachiro akazima redio:
"Bado breki.
Kukimbia nimekupa. Kusimama hujanunua."

Nikauza jenereta.

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro, tuliupanda.
Nikaingiza gia ya pili kwa mazoea;
Mwachiro akanigusa mkono. "Ya tatu."
Ya tatu.
Mlima ukalala.
Vikombe kabatini, vilivyogombana miaka ishirini na miwili,
vikanyamaza.
Nilipiga kelele kama mtoto, sifichi,
na mtu wa mnazi, yuleyule, akiteremka na madumu yaliyojaa,
nilimpungia mkono. Hakunitambua.

Nikarudi Mikindani jua likichomoza.
Miaka yote hiyo, tuku-tuku yangu ikifika konani
Mishi huinjika birika, hufungua geti
kabla sijagusa breki.
Leo geti limefungwa. Moshi wa jikoni nauona,
unatokea kwenye matundu ya bati.
Nikangoja. Injini ikinguruma kwa adabu,
sauti ya gari la watu.
Kisha nyayo. Kisha ufa wa geti.
Kisha sauti ya mke wangu, ile ya wageni:
"Nani?"

Nikazima injini.
Nikatafuta jibu ambalo sijawahi kulihitaji
mlangoni pangu.
"Mimi," nikasema. "Mwinyihaji."

Kimya.
Komeo halikusogea.

"Na injini ya nani?"