Trei ya Pili

Kidirisha kinasema: KARATASI IMEKWAMA. TREI YA PILI.
Nafungua trei ya pili:
nyeupe, zimelala sawa kama shuka la wageni.
Nafunga. Inaguna, inameza hewa,
inasema yaleyale.

Saa nne, ofisi ya ushirika, Moshi.
Nje ya dirisha wakulima wa Kibosho
wanangoja hati za malipo ya kahawa.
Mama Aikaeli keshavua kiatu kimoja.

Nazima. Nahesabu hadi thelathini. Nawasha.
Natoa katriji, naitikisa kama kibuyu cha maziwa.
Bado.
Nafungua mgongo, palipobandikwa alama ya moto,
navuta kwa ncha ya kucha

kipande, upana wa kidole gumba,
kingo zimeungua rangi ya chai ya rangi:
*tunasikitika kukuarifu*

Barua ya Machi. Ya Ndekirwa,
aliyekalia kiti hiki kabla yangu.
Niliambiwa aliichapa mwenyewe,
ikakwama, akaivuta,
akaichapa tena.

TAYARI, inasema mashine.
Hati zinatoka moja moja, zina joto.
Mama Aikaeli anainama dirishani:
“Ilikuwa nini?”

“Karatasi tu,” nasema,
mkono umo mfukoni.