Ngano

Ramani ya Kanada ilifika shuleni Pongwe mwaka wa mvua nyingi,
imekunjwa mara nane, inanuka dawa ya nondo,
na mchwa wa stoo wakaionja kabla yetu.
Walianzia Labrado, wakala Kebeki kipande,
wakachokea kwenye Ghuba ya Hudsoni.
Hadi leo nikiiona nchi ile kwenye televisheni
jicho langu linalitafuta lile tundu.

Mwalimu Shekalaghe hakuwahi kuvuka hata Horohoro.
Fimbo yake ilikuwa mlingoti wa mkonge, mwepesi kama unyoya,
akaigonga magharibi: Milima ya Roki, andikeni.
Akaigonga katikati: huu ni mwamba, mzee kuliko wazee wote.
Barafu iliuparuza hadi ukabaki makovu,
makovu yakajaa maji,
maji yakaitwa maziwa,
na ni mengi mno, mengine hayana jina.

Sekela, wa dirishani, akanyoosha kidole:
"Mtu akizama kwenye lisilo na jina,
kwao watasema amezama wapi?"
Tulicheka. Mwalimu hakucheka.
"Wenyeji wanayo majina," alisema.
"Ramani ndiyo haina."

Nchi ya pili kwa ukubwa duniani,
na watu wake karibu wote wamejibana kusini, kandokando ya mpaka,
kama watoto wa nyumba moja
wanaogombea moto wa vifuu.
Na juu, mwalimu? Huku kweupe?
Huku wapo wachache, waliokuwapo tangu mwanzo.
Huku ardhi yenyewe imeganda;
ukipiga jembe, linarudi kukuuliza una shida gani.

Jua la saa saba lilikuwa linakaanga mabati.
Tukaandika: udongo usioyeyuka.
Jasho likadondoka juu ya neno, wino ukatawanyika.

Kisha akafika kwenye nyanda.
Manitoba, Saskachewani, Alberta:
tambarare hadi macho yachoke, ngano mwanzo, ngano mwisho.
Hapo akanyamaza.
Akatoka nje, kwenye baiskeli yake,
akafungua kamba ya keria, akarudi nayo.
"Nani kwao wanakata mkonge?"
Mikono ikapanda, nusu ya darasa na zaidi.

"Zamani," alisema, "kabla ya mashine kubwa,
kila mganda wa ngano kule ulifungwa kwa kamba.
Na kamba haioti kwenye theluji."

Nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.
Babu Bitungwa alikuja manamba kutoka Kasulu,
treni siku tatu, blanketi moja, kipande shingoni.
Alikata matita, majani thelathini kila tita,
mpaka mwiba ukamla jicho la kushoto.
Aliyajua yote ya singa: korona, kamba za kuanikia, brashi, robota,
hadi behewa la kwenda bandarini.
Baada ya behewa, hakujua.

"Babu, nina habari ya ngano."
"Ya kula au ya kusikiliza?"

Nikamweleza. Tambarare, upepo, baridi ya kupasua chupa,
watu wa kuja kwa treni kama yeye,
wakifunga mavuno yao kwa singa za Pongwe.
Alikuwa ameshika chapati.
Akaigeuza, akaitazama kwa lile jicho moja,
muda mrefu, chai ikaanza kuota ngozi.

"Sasa," akasema,
"si wanirudishie kamba yangu."

Akala.

Mtihani wa wilaya ulipokuja, swali la tisa:
Taja mambo matatu yanayowezesha kilimo cha ngano
katika nyanda za Kanada.
Niliandika: ardhi tambarare. Udongo mweusi wenye rutuba. Reli.
Halafu chini yake, mahali pasipo na mstari,
nikaongeza la nne.

Karatasi ilirudi na alama tatu kwa tatu,
na neno "kamba" limekatwa kwa wino mwekundu,
mara mbili.