Neno la Shingo

Usiku ule tulisomewa barua kwa Nikareto,
chumba cha juu, taa mbili, moja ikifuka moshi.
Msomaji, kijana mwenye kikohozi,
akafika kwenye neno lile, akasita:
kaukhesis.
Akalirudia, maana mwandishi naye kalirudia
kama mtu akunaye panapomwasha.

Nalijua. Nani hapa Korintho halijui?
Limo katika jiwe kwenye njia ya Kenkrea:
fulani alichimba kisima kwa fedha yake mwenyewe,
na herufi za jina lake ni pana kuliko kisima.
Nimeliona kwa washindi wa mbio za Isthmo,
taji la msonobari likinyauka kabla karamu haijaisha.
Nimelisikia kwa bwana wangu, angali hai,
akiwahesabia wageni vyombo vya shaba
nilivyong'arisha mimi.

Mama yangu, mtu wa Frigia, alidai
neno hili lina undugu na shingo.
Sijui kama ni kweli; hakusoma.
Lakini mtazame ajisifuye: shingo humsimama,
kidevu juu, kama jogoo aliyeiona alfajiri
akadhani yeye kaileta.

Yangu ina kovu la pete ya chuma.
Miaka kumi na minne niliinamia sinia
mpaka uso ukatokea ndani yake,
wa rangi ya shaba,
si wangu.

Kijana akasoma tena, polepole,
na neno likageuka kinywani mwake
kama bakuli ligeuzwavyo kuonyesha upande wa pili.
Lilikuwa lile lile. Hapakuwa na jingine.
Majigambo na fahari, vyote vyapikwa chungu kimoja;
ila safari hii sifa haikumrudia msemaji.
Ilimpita, ikaenda kwa aliyemlipia deni.

Vibia akazificha pete zake ndani ya shuka.
Hermipo mchukuzi akacheka peke yake.
Nami nikauliza: "Asiye na kitu je, aweza?"
Kijana akapekua ukurasa, akakohoa,
hakunijibu. Mafuta yalikuwa yakiisha.

Nikarudi gizani kwa njia ya Kenkrea,
nikalipapasa jiwe lile, jina herufi kwa herufi:
baridi, lina umande, konokono kalala juu yake.
Kisha, mimi nisiyezoea, nikanyoosha shingo.
Iliuma kidogo.
Nyota zilikuwa nyingi mno,
na hapana hata moja niliyoing'arisha mimi.