Pembe ya Nane

Babu yake Wilf Peart alishuka humu kuchimba risasi.
Ikampata kifuani pasipo bunduki,
kidogo kidogo, vumbi baada ya vumbi,
akafa na miaka arobaini na mmoja.

Fuwele hazikuwa na bei siku zile. Zilitupwa.
Leo mimi napiga magoti kwenye kifusi cha Nenthead,
mvua ikinipenya shingoni,
nasugua kwa mswaki mkuukuu
hadi utokeze mchemraba wa zambarau:
pembe saba kali, ya nane imemeguka.

Nataka kuurudisha topeni.
"Hapo," asema Wilf, bila kuinama,
"ilipita sururu ya mtu."

Kabatini kwangu mawe mengine yanaelekeza kasoro ukutani.
Huu nimeugeuza:
pembe mbovu mbele,
ikitazama mlango.