Mhojiwa wa Kumi na Saba

Kwenye kitabu hicho mimi sina jina.
Ukurasa wa mia moja na kumi na nne naitwa
Mhojiwa wa Kumi na Saba: mwanamke, masjala,
miaka ishirini na sita kazini.
Mama yangu aliniita Sikudhani,
na kweli, sikudhani.

Alikuja mwezi wa Ramadhani, Atuganile,
na kigoda cha plastiki na saa ya kuhesabia,
akakaa kati ya kabati la majalada na feni mbovu,
pale Ilala ambapo dari inavuja masika yote.
Tukadhani katumwa na wakaguzi.
Siku tatu hatukupiga soga.
Ya nne Mashavu akashindwa: "Dada, hasa unahesabu nini?"
Akasema, "Nahesabu kukaa."

Kukaa! Nani anasomea kukaa mpaka akaitwa daktari?

Alifuata jalada moja tu, la Zamoyoni Kibwana,
muuguzi mstaafu wa Tandika, kiinua mgongo:
meza kumi na moja, ngazi mbili,
miezi kumi na minne.
Kisha akapima kwa futi ya fundi cherehani
njia nzima, toka dirisha langu hadi sahihi ya mwisho.
Mita tisini na mbili.
Mashavu akasema hata kobe angeshafika, akahiji, akarudi.
Na wiki ile Atuganile alipouliza tu, "Sasa liko wapi?"
jalada likaota miguu, Zamoyoni akalipwa.

Jioni moja, tumebaki wawili, aliniuliza kwa nini.
Nikamjibu huku nafunga kamba:
"Likikaa kwangu, hakuna aniulizaye.
Likitoka na kosa, litaitwa jina langu."
Hakuandika papo hapo. Aliniangalia,
kisha akauliza kama nimepata cha kufuturu.

Juzi ukumbini, kule Mlimani,
viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama maharusi.
Tuzo ya utafiti bora wa uzamivu katika utawala wa umma
ni kipande cha kioo, na bahasha.
Atuganile kavaa kitenge cha njano, viatu vinamtesa.
Akasoma kwa Kiingereza. Watu wakapiga makofi.
Nikamgusa kijana wa kando: "Kasema nini?"
"Kwamba mhojiwa mmoja alibainisha kuwa ucheleweshaji
ni mkakati wa kimfumo wa kujikinga na uwajibikaji."
Nikacheka peke yangu. Maneno yangu
yamekwenda shule, yamerudi na tai shingoni.

Sikumwambia yule kijana kuwa ni mimi.
Wala Atuganile sikuwahi kumwambia
kwamba Zamoyoni alikuja dirishani mara tisa,
mara tisa nikamwambia njoo kesho,
na mara zote tisa jalada lake
lilikuwa chini ya kiwiko changu.
Mara ya saba aliniletea embe bichi na chumvi.
Nikala.

Leo Jumatatu, saa mbili na robo,
tarishi kaleta nakala ya kitabu,
barua juu yake: Kwa hatua zako stahiki.
Utaratibu ni utaratibu. Nimekifungulia jalada,
nimekipa namba, nimekigonga mhuri KIMEPOKELEWA.
Mbele yake zipo meza kumi na moja.
Mashavu ananitazama. Chai inapoa.

Nimefungua ukurasa wa mia moja na kumi na nne,
Kiingereza kitupu, nikatafuta kwa kidole
mpaka nikaiona ile kumi na saba.
Pembeni nimeandika kwa wino wa masjala:
Ni mimi, Sikudhani Mtulia.
Lile la Zamoyoni lilikuwa kwangu.

Sasa nimekikumbatia kifuani, kizito kama mtoto aliyelala,
na dirishani wapo watu wanne wananisubiri,
nami niko kwenye ngazi, napanda.