Kengele Isiyo na Ulimi

Mara ya kwanza nililaumu jibini.
Mara ya pili, baridi ya Dundee,
hii inayopenya tundu la ufunguo
kama mdai aliyekuja kukagua samani.
Mara ya tano niliamka, nikavuta daftari la matengenezo
(bomba la darasa la nne linavuja, taa ya korido imekufa),
nikaandika chini yake: kengele, tena.

Ndoto yenyewe fupi.
Niko uwanjani kwa shule. Si hii ninayoifagia,
wala si ile niliyosomea Muheza;
ni shule iliyoshonwa kwa viraka vya zote mbili.
Nimeshika kengele ya shaba, nzito kama mtoto mchanga.
Saa imefika. Naitikisa.
Naitikisa hadi bega linalia badala yake.
Watoto wanacheza tu, wamenipa mgongo.
Naipindua nichungulie ndani:
haina ulimi.

Moira wa jikoni anacho kitabu cha ndoto.
Kengele, kasema, ni fedha iko njiani.
Nikangoja wiki tatu.
Ikaja bili ya gesi.
Mke wangu Mwanahawa akasema, punguza kula usiku,
akajigeuzia ukutani.

Basi nikaacha kuuliza watu.
Nikajiuliza mwenyewe, nikisukuma ufagio,
maana ufagio hauna haraka na hausengenyi.
Uzito ule naujua wapi?
Ile migongo ni ya nani?
Kwa nini ndotoni siogopi, ila naona haya?

Haya.
Neno hilo lilinisimamisha pale ngazini.

Kila Jumapili mama yangu hupiga simu.
"Nipe mjukuu wangu nimsikie."
Nami humjibu, "Amelala, mama."
Saa nane za mchana, amelala.
Na Tausi yuko pale pale zuliani, macho makavu,
anaunga mabehewa ya treni yake.
Anajua "shikamoo" na "chapati",
na kati ya hayo mawili hakuna daraja.
Miaka saba. Nilirudi nimechoka,
nikasema kilichokuwa chepesi mdomoni.
Kesho nitamfundisha, nilisema,
na kesho zikapangana kama viti baada ya mkutano.

Ulimi.
Niliuona wenyewe, mkavu,
umekunjwa mfukoni mwangu pamoja na funguo za shule.
Kumbe aliyelala hapa nani?

Sisemi nimepona. Juzi nimeota tena,
kengele ile ile, bubu vile vile,
ila safari hii sikuitikisa.
Niliketi nayo mapajani.

Asubuhi, mvua ikiuchapa mto Tay kwa mshazari,
nilimwekea Tausi uji, nikainua kijiko.
"Kijiko," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyevaa viatu kinyume.
"Kijiko?" akauliza, akipandisha mwisho wa neno
kama wafanyavyo watu wa kwao.
Kwao ni hapa.
Kisha akakigonga ukingoni mwa bakuli,
mara moja,
asikie kinavyosema.